Tepu Nne za Mill Owls

Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimevunjwa. Kabati la chini ya ngazi lilikuwa wazi. Ndani yake, katikati ya vumbi la miaka na miaka, palikuwa na mraba mmoja safi, mahali ambapo maboksi manne ya tepu yalikuwa yamekaa. Sasa hayakuwapo.

Inspekta Hester Lumb alichuchumaa akamulika tochi. Kando ya ule mraba palikuwa na gitaa la zamani ambalo mwizi yeyote mwenye akili timamu angelibeba. Halikuguswa. Sebuleni televisheni ilikuwa mahali pake, na pochi ya mwenye nyumba ilikuwa juu ya meza.

"Huyu mwizi anajua kuchagua," alisema Sajini Nadeem Qureshi. "Kaacha vyote, kabeba takataka."

"Si takataka, kijana," alijibu mwenye nyumba kutoka mlangoni.

Alwyn Sugden alikuwa na miaka sitini na tisa, mrefu, mgongo umepinda, sweta lake limefungwa vifungo kombo. Zamani alipiga piano katika bendi ya Mill Owls. Hapa Halifax, mtu yeyote aliyepita miaka hamsini anawajua: vijana watano wenye nywele za kufika mabegani na skafu za hariri, nyimbo za pop na roki za dakika tatu tatu, wasichana wakizimia mbele ya jukwaa. Nyimbo zao bado zinapigwa kwenye harusi, na wajomba waliokwisha kulewa pombe ndio wanaoimba kiitikio.

Lakini Jumapili tatu za Februari 1980, wanne kati yao waliingia studio bila mwimbaji wao, wakarekodi vipande kumi na kimoja visivyo na neno hata moja. Ulikuwa muziki wa ala tupu, wenye jazi ndani yake. Saksafoni ya Desmond Thackray ilikuwa mbele, piano nyuma yake. Kampuni ya santuri ilisikiliza, ikasema hakuna anayenunua kitu asichoweza kukiimba bafuni. Tepu zikarudishwa.

"Hakuna nakala popote?" aliuliza Hester.

"Hakuna."

"Uliziona lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi mchana."

"Leo Jumanne. Umegundua vipi?"

"Nilikwenda kutoa ufagio."

"Nani alijua zipo humu?"

"Clive Barraclough, mwimbaji wetu. Na Winifred, mjane wa Desmond. Ijumaa zilikuwa ziende kwa fundi, zihamishiwe kwenye kompyuta, ili Winifred asikie. Yuko hospisi, Inspekta. Madaktari wamemaliza naye."

Hester aliinuka, magoti yakalia. Chini ya dirisha la sebule palikuwa na mashine ya tepu, kubwa kama jiko la kupikia.

"Hii inafanya kazi?"

"Sijaiwasha tangu mama yangu afariki."

Chumba kilinuka spiriti. Hester alivuta hewa puani.

"Ni goti langu," alisema Alwyn kabla hajaulizwa. "Nalisugua kila siku."

Kituoni walimcheka Hester. Mkuu wake alitaka kujua kwa nini inspekta mzima anahangaikia tepu nne za wazee wakati mjini watu wanachomana visu. Hester hakumweleza. Winifred Thackray alikuwa mpishi wa shule aliyosoma Hester. Mwaka ule mama yake Hester alipoondoka nyumbani bila kuaga, Bi. Thackray ndiye aliyekuwa akimwongezea kijiko cha pili cha kastadi, kila siku ya shule, mwaka mzima, bila kusema neno. Mambo kama hayo hayana nafasi kwenye faili la polisi, lakini binadamu hayasahau.

Alimkuta Winifred hospisi, amelazwa karibu na dirisha, amekonda hata pete imefungwa kwa uzi isianguke.

"Hester Lumb! Umenenepa, mpenzi."

"Ni kastadi yako hiyo, Bi. Thackray."

"Basi sikufanya kazi bure." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nesi akamwinua kidogo, akamrudisha. "Mmewakamata?"

"Bado. Nieleze habari za hizo tepu."

Winifred alitazama dari. "Nilikuwepo Jumapili ya tatu. Niliwapelekea sandwichi za yai. Nikasimama nje ya kioo cha studio. Desmond akaniona, akafumba macho, akapiga. Dakika nne hivi, peke yake, wengine wakimshikilia kwa muziki wa chini. Nikuambie, mpenzi, sijawahi kusikia mtu akinisema vizuri namna ile, tena mbele ya watu."

"Hukuomba nakala?"

"Niliomba. Alwyn akasema wiki ijayo. Wiki ndefu hiyo! Desmond akafa mwaka themanini na sita, moyo, nami bado nangoja. Zamani niliikumbuka yote. Sasa nikianza kuivuta, inanigeukia tangazo la sabuni ya unga." Mkono wake ulitafuta wa Hester ukaupata. "Sitaki kwenda na tangazo la sabuni."

"Tutazipata."

"Fanya haraka basi. Nesi ananipa mpaka mwisho wa wiki, naye ni mtu wa kutia watu moyo."

Hester alitoka nje akasimama kwenye mvua bila mwavuli. Amefanya kazi ya polisi miaka ishirini na sita na anajua kukimbizana na mwizi. Kukimbizana na saa ya mgonjwa hakujui, wala hakuna aliyewahi kumfundisha.

Clive Barraclough aliletwa kituoni alasiri hiyo hiyo. Alikuwa amepaka nywele rangi nyeusi tii, na kila kidole kilikuwa na pete.

"Ulisema gazetini kwamba ni bora tepu zile zichomwe," Hester alianza.

"Nilisema. Humo ndani sisikiki hata sekunde moja. Ungekuwa wewe ungefurahi?"

"Jumamosi mpaka jana ulikuwa wapi?"

"Scarborough. Maonyesho mawili kwa siku, kwa wastaafu. Watu mia tatu walinishuhudia, na nusu yao walikuwa macho."

Qureshi alitoka kupiga simu. Alirudi akatikisa kichwa: mtu huyu hakuondoka Scarborough hata kwa saa moja.

"Mimi nina majivuno, Inspekta, si mwizi," alisema Clive, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha umri wake. "Mnahangaika na mimi bure. Muulizeni Alwyn kwa nini alizikalia miaka thelathini na mitatu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba yeye na Desmond walikuwa chanda na pete mpaka zile Jumapili. Baada ya hapo hawakusalimiana. Kwenye mazishi Alwyn alisimama nje ya geti, na mvua yote ile."

Jumatano asubuhi walikwenda Todmorden kwa Gareth Pugh, yule fundi aliyekuwa apokee tepu. Hester alitaka kujua tu nani mwingine aliyepata habari za miadi ya Ijumaa. Pugh alikuwa Mwelshi mnene mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na katikati ya karakana yake palikuwa na tanuri dogo linalonguruma.

"Unaoka nini?" aliuliza Qureshi. "Mkate?"

"Tepu," alisema Pugh. "Tepu za miaka ile zina ugonjwa. Gundi yake inakunywa unyevunyevu, na hapa kwetu unyevunyevu haulipiwi. Ukiiweka kwenye mashine hivi hivi inanata, inalia. Lazima uioke kwanza kwa muda wa saa nane, kwa moto mdogo sana, ipoe, ndipo uicheze. Hata hivyo unapata nafasi moja au mbili tu."

"Na asiyejua hilo?"

"Vijana wasiojua wanasimama, wananipigia simu. Wanaoniua ni wazee." Pugh alishusha pumzi. "Wazee wa studio walifundishwa kitu kimoja mpaka kikawaingia damuni: tepu ikilia, mashine ni chafu. Simamisha, safisha vichwa vya mashine vinavyosoma tepu kwa pamba na spiriti, rudisha nyuma, endelea. Zamani ilikuwa sahihi kabisa. Kwa tepu hizi..." Alichukua kijiti cha pamba mezani akawaonyesha ncha yake, rangi ya kahawia kama chai nzito. "Mnaona? Mtu anadhani anatoa uchafu. Hii kahawia ni unga wa chuma, na muziki umeandikwa kwenye huo unga. Kila ukifuta, unafuta muziki."

Hester alikinusa kile kijiti. Alikuwa anasikia harufu ya spiriti katika sebule ya mtu ambaye mashine yake haikuwashwa tangu mama yake afariki.

"Nadeem," alisema mwishowe, "mtaa wa Sugden takataka zinazolewa lini?"

"Jumatano, bosi. Leo."

Walirudi Halifax mbio. Walipofika, mapipa bado yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, na lori la takataka lilikuwa mwisho wa mtaa linakuja. Qureshi alivaa glavu, akafungua pipa la Alwyn. Akatoa majani ya chai, maganda ya viazi, gazeti la Jumapili. Chini kabisa palikuwa na mfuko uliofungwa mafundo mawili. Aliufungua.

Vijiti vya pamba vilikuwa vingi, mamia, na vyote vilikuwa vya kahawia.

Mlango wa mbele ulifunguka. Alwyn alisimama hapo na viatu vya ndani, mvua ikimpiga.

"Ingieni," alisema. "Mtalowa."

Jikoni alitaka kuchemsha chai. Hester alimzuia, akamkalisha, akamsomea haki zake. "Si lazima useme chochote. Lakini utetezi wako unaweza kudhurika ukinyamazia sasa jambo utakalolitegemea mahakamani. Utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Tepu ziko wapi?"

"Kwenye piano. Fungua ubao wa chini."

Qureshi alirudi na maboksi manne. Hester alifungua la kwanza, akavuta tepu kiasi cha urefu wa mkono, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kuna mahali ilikuwa ya kahawia yenye mikwaruzo. Kuna mahali haikuwa na rangi yoyote. Aliona mtaa mzima kupitia tepu hiyo, na lori la takataka likipita.

"Nani aliyevunja kioo?"

"Mimi. Jumatatu. Kwa nyundo."

"Anza mwanzo."

Alwyn aliweka mikono yake mirefu juu ya meza akaitazama. "Jumamosi nesi alinipigia. Akasema kama nina cha kumletea Winifred, nisingoje Ijumaa. Nikampigia Pugh, simu ikaita tu. Nikajiambia, Alwyn, umeshika tepu maisha yako yote, utashindwa kuweka moja? Nikaiweka."

"Ikacheza?"

"Sekunde chache. Nilimsikia Desmond akivuta pumzi, kabla hajapuliza. Nilimsikia, Inspekta! Alikuwa humu chumbani. Halafu ikaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikasimamisha, nikasafisha vichwa, nikairudisha. Ikaenda kidogo, ikalia. Nikasafisha tena."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilipoona ya kwanza imegoma nikajaribu ya pili. Kisha ya tatu. Nilifanya mpaka Jumapili mchana."

"Hukutazama kilichokuwa kwenye pamba?"

"Nilitazama. Nikasema, lo, mashine hii imechafuka kweli. Ilipofika ya nne, hata kulia ikaacha. Ikawa inazunguka kimya, laini, hakuna tatizo lolote. Nikafurahi. Nikaongeza sauti. Nikaongeza mpaka mwisho."

Qureshi aligeuka akatazama ukuta.

"Kwa nini ulituita?" Hester aliuliza. "Kwa nini wizi?"

"Kilichoibwa mtu anaweza kukingoja. Nilitaka afe anangoja, asife akijua."

Hester alikuwa na hasira tangu Jumanne, hasira ya kumtafuta mwizi amshike kola. Sasa mwizi hakuwapo. Tepu zilikuwa mali ya Alwyn kwa karatasi halali, na sheria ya Uingereza haina kifungu cha mtu anayeharibu kitu chake kwa kukipenda kwa pupa. Kilichobaki ni kosa la kupoteza muda wa polisi. Alimwandikia hilo, kwa sababu ndilo pekee lililoandikika.

Maboksi yalipelekwa kwa Pugh, aliyeacha kazi zote akazioka usiku kucha. Alipiga simu Alhamisi saa nne asubuhi.

"Nimepata sekunde tisa," alisema.

"Za nini?"

"Mtu anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Mwingine anakohoa. Kisha hakuna. Nimejaribu kila kitu ninachokijua, Inspekta. Hakuna kitu hapa."

Hester alikata simu akaenda kumchukua Alwyn nyumbani kwake.

"Utamwambia mwenyewe," alimwambia ndani ya gari. "Na utamwambia yote. Pamoja na ile miaka thelathini na mitatu."

"Hata wewe hujaniuliza hilo."

"Mimi si wa kuambiwa."

Winifred alikuwa amebadilika tangu Jumanne. Macho yalikuwa nusu wazi. Dawa ya maumivu ilimfanya aingie na kutoka, anakuwapo dakika moja, nyingine hayupo. Nesi alisema anasikia, ila wasitegemee sana majibu.

Alwyn alipiga magoti kando ya kitanda, goti lile bovu likamfanya akunje uso.

"Win. Ni Alwyn."

"Umechelewa," alinong'ona Winifred.

"Nimechelewa. Win, tepu hazikuibwa. Nimeziua mimi. Nilitaka nikuletee mapema nikazifuta kwa mikono yangu. Hakuna kilichobaki."

Hester, aliyesimama mlangoni, aliona vidole vya Winifred vikitembea juu ya blanketi.

"Na kuna jingine. Kampuni haikuikataa rekodi yote. Walisema tukiikata ile saksafoni ya dakika nne wataitoa santuri. Sisi wengine sote tulikubali. Desmond akakataa. Alisema ile si ya kampuni, ni ya Win. Hakukubali kukata hata noti moja." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka wazi, bila kujificha. "Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilijua sitapiga piano namna ile tena maishani, na kweli sikupiga. Kitu changu bora kikafungiwa kabatini kwa ajili yako. Ulipokuja kuomba nakala nikasema wiki ijayo, na moyoni nikaapa hamtaisikia, wewe wala yeye. Kisha akafa. Nikaona aibu. Aibu ikakaa mpaka ikawa tabia."

Mvua ilipiga dirisha. Kisha Winifred akafungua macho kidogo zaidi, akamtazama, na uso wake ukalainika.

"Vizuri, mpenzi," alisema. "Iweke basi."

"Win, hakuna—"

"Iweke. Nasikiliza."

Alwyn alimgeukia Hester. Hester, aliyejua kufungua milango ya watu kwa hati ya mahakama, na kuwatoa maneno wauaji, alisimama pale mikono mitupu akitamani mtu mwingine yeyote aingie.

Ng'ambo ya korido palikuwa na sebule ya wageni, na kwenye kona yake piano kuukuu iliyowekewa chombo cha maua ya plastiki. Alwyn alijiinua kwa kushika kitanda. Akavuka korido. Hester aliacha milango yote miwili wazi.

Alianza polepole, vidole vikitafuta, kisha vikakumbuka. Haukuwa wimbo. Yalikuwa yale ya nyuma ya saksafoni, makodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, yaliyokaa chini, yanayotembea na kusimama, yaliyotengenezwa ili mtu mwingine apite juu yake. Piano ilikuwa na funguo mbili zisizolia. Nesi aliacha alichokuwa akifanya. Alwyn alipita sehemu ya kwanza, akafika pale Desmond alipopaswa kuingia, na hapo akaendelea kushikilia kwa chini, kodi baada ya kodi, na juu yake hakukuwa na mtu.

Winifred alikunja kipaji cha uso. Aliinua shingo kutoka kwenye mto, akageuzia sikio mlangoni.

"Alwyn," aliita, kwa sauti iliyosikika mpaka kule. "Desmond yuko chini mno. Simsikii. Mpandishe, mpenzi."

Piano haikunyamaza. Hester alimwona Alwyn akiinamisha kichwa, na mikono ikilegea juu ya funguo. Akapiga taratibu zaidi, kisha taratibu zaidi ya hapo, akijipunguza na kumpisha Desmond, mpaka ikawa haisikiki isipokuwa kwa mtu aliyekaza masikio. Winifred alikaza masikio.